Siku Karani Alipopanda kwa Watawa

Ilikuwa mwaka wa 1994, mwanzoni mwa kipupwe, na mbwa aliyeitwa Karani alikuwa hajabweka kwa miezi saba kamili. Jina hilo alipewa na marehemu mke wa Mwokaji, kwa jinsi alivyozoea kukaa mlangoni pa duka la mikate, miguu ya mbele imekutana, akimtazama kila mteja kana kwamba anataka kumwuliza stakabadhi zake ziko wapi. Mama yule alipofariki, Karani alinyamaza kama maji mtungini. Daktari wa mifugo alimfungua kinywa, akampapasa koo, akasema kuwa sauti anayo, ila hana haja nayo. Mbwa akawa anakula nusu bakuli, kisha analala chini ya meza ya kukandia unga, basi.

Binti ya Mwokaji, ambaye ndiye aliyeendesha gari la kusambaza mikate, alivumilia mpaka akachoka. Siku ya Ijumaa alimweleza baba yake, bila kupindapinda maneno, kwamba Jumapili ikipita pasipo mabadiliko, atampeleka Karani shambani kwa mjomba, akaishi na mbwa wenzake, kwa maana nyumba hii yenye huzuni itamwua. Mwokaji hakubisha. Alijua kuwa mwanawe hasemi kwa ubaya. Lakini mkono wake uliopima unga kwa miaka thelathini ulikosea kipimo, na mchana huo mikate yote ikatoka na chumvi maradufu.

Kwa hiyo Jumamosi walifunga duka, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu siku za matanga, wakaenda kwenye monasteri iliyoko mlimani. Binti alisema kuwa mbwa anahitaji hewa safi. Mwokaji alikuwa na sababu yake ya pembeni: wateja walikuwa na tabia ya kumsifia mkate wa watawa waziwazi, mbele ya uso wake, kuwa una ganda linalolia chini ya kisu, naye alitaka kuuona kwa macho yake mwenyewe, apate kuudharau vizuri.

Gari waliliacha chini, kwani njia iliyosalia ilikuwa ngazi tupu za mawe. Karani alizipanda kwa adabu, kama shahidi aendaye mahakamani. Mzee alikuwa nyuma, pumzi zikimwenda mbio.

"Baba, tupumzike kidogo?"

"Kwani umechoka?"

"Mimi nimechoka wapi? Wewe ndiye unayefuka kama tanuri."

"Tanuri langu halijawahi kuomba kupumzika. Panda, mama."

Walipokwisha kuvuka kizingiti cha lango, bawabu, mtawa mfupi aliyevaa kofia ya sufu, aliwaelekeza kwa kidole kwenye ubao wa masharti. Mbwa waliruhusiwa, wakiwa na kamba. Mpaka kengele ya adhuhuri, hapakutakiwa sauti ya kinywa ndani ya kuta zile. Atakayejisahau atalipa kwa kumenya viazi jikoni kabla ya kuondoka, kiazi kimoja kwa kila neno au mlio. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, palikuwa pameongezwa: Hata abate, mkuu wetu. Bawabu alimtazama Karani, akainua nyusi.

"Huyu hana neno, ndugu, hajabweka tangu..." alianza binti, akajiziba mdomo.

Bawabu aliinua vidole sita.

Wakatembea kimyakimya. Walipita bustani ya mboga, wakampita mtawa mmoja kibarazani akitia viraka soksi. Kisha pua ya Mwokaji ikanasa harufu aijuayo, naye akaifuata moja kwa moja, kamba ya mbwa mkononi, hadi kwenye mlango uliokuwa wazi. Ndani, mtawa mrefu, unga umemganda hadi viwikoni, alikuwa akitoa mikebe ya mikate tanurini na kuipanga mezani. Aliushika mkebe wa kwanza kwa kitambaa, akaupindua, akaugonga kwa nguvu kwenye ukingo wa meza. Mkate ukachomoka.

Karani akabweka.

Ilikuwa sauti nzito, iliyojaa, isiyo na kutu hata chembe. Mtawa alipigwa na butwaa, mkebe mkononi. Alimtazama mbwa, akamtazama mwenye mbwa, kisha polepole, kama mtu anayejaribu swichi ya taa, akaugonga mkebe wa pili. Karani akabweka tena, mara moja tu, na mkia ukaanza kwenda.

Hapo Mwokaji alishika fremu ya mlango. Hivyo ndivyo mkewe alivyokuwa akitoa mikate: aligonga kila mkebe mezani, na Karani akaitikia kwa kila mkate, hata majirani wakajua kuwa mikate ya asubuhi i tayari. Baada ya msiba, Mwokaji hakuweza kuustahimili mlio ule. Akaanza kutandika karatasi ndani ya mikebe na kuinyanyua mikate taratibu, pasipo kishindo. Alidhani kuwa anauhurumia moyo wake mwenyewe tu. Miezi saba mbwa alikuwa chini ya meza akingoja aitwe, wala hakuna aliyemwita.

"Ni mimi niliyemnyamazisha," alisema kwa sauti.

Mtawa mwokaji hakungoja ruhusa ya mtu. Aligonga mkebe baada ya mkebe, na Karani akaitikia mmoja baada ya mwingine. Watawa walijazana mlangoni, mabega yakitikisika, mikono vinywani. Abate alikuja akiwa amekunja uso, akasikia mkebe wa kumi na jibu lake, akatoa mlio kama wa birika linaloanza kuchemka. Bawabu akainua kidole kimoja upande wake. Mikate ilikuwa kumi na minane.

Binti alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Baba, twende naye nyumbani," alisema, wala hakujali vidole vinne vilivyoinuka.

Kengele ya adhuhuri ilipolia, walipewa visu, stuli na kikapu cha viazi. Mtawa mwokaji aliwakatia mkate ungali moto. Mwokaji aliutafuna kwa makini, akitafuta kasoro, akakosa, akaomba kipande kingine. Binti alimenya vyake kumi chapuchapu, akanyoosha mkono ili asaidie deni la mbwa.

"Acha," baba yake alimzuia. "Vya Karani ni vyangu."

Abate, akiwa amekunja mikono ya kanzu, aliketi kando yake na kiazi chake kimoja, akiulizia mbwa huyo anakula nini. Mwokaji alimjibu bila haraka. Alikwisha kumenya vitatu vyake mwenyewe. Sasa alihesabu vile kumi na vinane, kimoja kimoja, maganda yakianguka membamba miguuni pake alipolala Karani. Cha mwisho alikimenya taratibu kuliko vyote, akakiosha, akakitumbukiza sufuriani.