Picha ya Siku ya Kwanza

Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika, na Bisibisi akabonyeza ndiyo kabla hajamaliza kusoma swali. Fundi mwenye miaka ishirini na mbili kazini aulizwe uhakika na mashine? Tena alikuwa na haraka. Dukani kwake aliacha wateja wawili kwenye benchi na printa moja imepasuliwa tumbo.

"Tayari, dada. Iliganda tu. Nimeirudisha ilivyokuwa."

Dada yake mkubwa akasogeza kiti, akavaa miwani, akaiinamia skrini. Rangi ya bluu ikajaa, herufi nyeupe zikajipanga juu, vilevile kama kwenye ofisi aliyoipigia chapa barua kwa miaka thelathini na moja. Akafungua orodha ya mafaili. Akaifunga. Akaifungua tena.

"Mbona pako tupu?"

"Tupu vipi?"

"Tupu, mdogo wangu. Kurasa zangu ziko wapi?"

"Kurasa gani?" aliuliza Bisibisi, ingawa swali kama hilo fundi hulijua jibu lake kabla halijamtoka mtu mdomoni.

Miezi minne nyuma, wanawe dada walimletea kompyuta mpya, na kompyuta mpya ikaikataa katakata programu ya kuandikia aliyoizoea. Zile za kisasa hakuzitaka hata kuzisikia. Alisema zina vitufe vingi kuliko koti la askari wa gwaride. Bisibisi akamtengenezea kompyuta ndani ya kompyuta. Akaikatia kipande cha diski, akaigawia kumbukumbu, akasimika humo mfumo wa zamani na programu ya zamani, vyote vikaishi ndani ya dirisha moja, kama mpangaji wa chumba cha nyuma.

"Hii tunaiita mashine pepe," alimwambia.

"Pepe au pepo?"

"Pepe, dada!"

"Haya. Mradi isinipande kichwani."

Programu yenyewe ilitoka kwenye sidii ya mtu asiyejulikana, kwa hiyo Bisibisi alifunga kila mlango. Intaneti, hakuna. Folda ya pamoja, ile ya kupitishia mafaili kutoka mashine ya ndani kwenda ya nje, akaizima. Hata kunakili neno huku na kulibandika kule akazuia. Kirusi kikiwemo, kifie humo humo. Kazi safi kabisa, hapo hana wa kumlaumu.

Mwisho akapiga picha. Ndivyo mafundi wanavyosema: unaipiga picha mashine ikiwa nzima, siku ikiharibika unairudia ile picha, nayo inaamka kama siku ile ile, haikumbuki chochote kilichotokea baadaye. Maelezo haya dada yake aliyapata nusu. Ilipofika hiyo nusu ya pili simu iliita, Bisibisi akatoka nje kuipokea, na aliporudi akaendelea na mengine.

Basi kila Jumapili dada akimpigia kumjulia hali, hakosi kuuliza, "Na picha ipo?" Naye huku anakaza skrubu za watu hujibu, "Ipo dada, usiwe na wasiwasi." Na kweli ilikuwepo. Ilikuwa ya siku ya kwanza. Dada alidhani ni picha ya kurasa zake, kwamba ndugu yake huzipiga kila wiki akiwa kule kule dukani, kwa ujuzi wao huo.

"Kurasa sitini na tatu," alisema dada. "Za mama."

Bisibisi alitafuta pa kukaa, akakosa, akaegemea ukuta. Meza ya kompyuta ilisimama pale pale kilipokuwa kitanda cha mama. Mama aliugulia humu chumbani wiki saba, na wiki zote saba alikuwa akisimulia: utoto wake, watu aliowapenda, aliowasamehe na aliogoma kuwasamehe. Dada alikaa kando ya mto na daftari, akiyanasa kwa hati mkato neno kwa neno, kama alivyokuwa akinasa barua za mabosi. Bisibisi alikuja mara mbili. Mara ya pili hata funguo hakuzitia mfukoni. "Nitakuja Jumapili nikae, mama," alisema akiwa mlangoni. Mama alifariki Alhamisi.

"Lile daftari la hati mkato si lipo?" aliuliza sasa. "Tutaandika upya, dada. Nitakusaidia."

Dada alivua miwani. "Mpiga chapa hatunzi rasimu. Ukishapiga, unachana. Ndivyo tulivyofundishwa, maneno ya wakubwa hayazagai kwenye vikaratasi." Akaiangalia mikono yake. "Kila ukurasa niliomaliza nimeuchana. Nilijua picha ipo."

Bisibisi aliibeba ile kompyuta hadi dukani, akawarudisha wateja makwao. Siku tatu nzima aliichokonoa diski kwa kila programu aliyoijua na mbili alizofundishwa kwa simu. Siku ya pili alilirudia lile swali kwenye mashine nyingine, akalisoma safari hii pole pole. Chini ya lile la uhakika palikuwa na jingine: kabla ya kurudi nyuma, je, mashine ipige kwanza picha ya hali ya sasa? Kiboksi huja na tiki tayari. Tiki ile aliiondoa yeye kwa kidole chake, kwa mazoea tu, ili kubana nafasi. Alikaa akakitazama hicho kidole. Jamani, kitu kidogo hivyo!

Siku ya tatu diski ikamtemea kilichobaki: herufi zilizovunjika, tarehe zisizo na mwenyewe, na mstari mmoja mzima. *Nilipomuuliza kuhusu mdogo wangu, mama alicheka, akasema.* Baada ya hapo vijiboksi vitupu mpaka mwisho.

Aliunakili kwenye karatasi kwa mkono, akarudi kwa dada yake asubuhi iliyofuata na kompyuta kwapani. Hakusubiri hata kukaribishwa kiti.

"Alisema nini, dada?"

Dada alisoma. Uso ukamfunguka wenyewe. "Hii naijua! Nilicheka mpaka nikaacha kupiga chapa."

"Alisema nini?"

Dada akaisoma tena karatasi, akaigeuza, kana kwamba imeandikwa nyuma pia.

"Nakumbuka nilicheka," alisema taratibu. "Alianza na utani wake ule wa kukusema, halafu akamalizia na kitu kingine, cha upole. Hakikuwa kibaya. Nakuapia, hakikuwa kibaya."

"Maneno yenyewe, dada. Nakuomba."

"Maneno yenyewe niliyaandika ili nisiyabebe." Akaiweka karatasi mezani. "Sisi wapiga chapa yanaingia masikioni, yanatokea vidoleni, hayalali kichwani. Barua mia kwa wiki, yangelala yote ningekuwa mwehu. Nilitaka uyasome mwenyewe nikimaliza. Nikuchapie, nikufungie vizuri, nikupe kitabu. Kwa sababu hukuwepo."

Hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali.

"Nisamehe, dada."

"Na mimi nilipaswa niulize, picha ya nini. Miezi minne nauliza kama ipo, siulizi ya nini!" Akacheka kidogo, cheko likamkwama, akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha miwani.

Bisibisi alipiga magoti chini ya meza, akachomeka nyaya. Aliwasha mashine ya nje, kisha ya ndani. Akaifungua ile folda ya pamoja, akachomeka flashi, akamwonyesha dada kila hatua mpaka mwisho, nusu ya kwanza na nusu ya pili: hapa unahifadhi, hapa unapitisha kurasa nje, na hii ndiyo picha, inakumbuka mpaka siku ilipopigwa na si zaidi. Simu iliita mfukoni mwake. Aliitoa, akaizima, akaiweka mezani kifudifudi.

"Nitaanzia wapi?" dada aliuliza.

"Anzia hapo hapo."

Dada alinyoosha mgongo kama wa ofisini. Vidole vyake kumi vikaingia kazini, haraka, bila kutazama: *Nilipomuuliza kuhusu mdogo wangu, mama alicheka, akasema.* Vikasimama. Vikabaki vimelala juu ya herufi zake, kila kimoja mahali pake.

Bisibisi alileta stuli kutoka jikoni, akakaa. Akanyoosha mkono kando ya mkono wa dada yake, akapiga picha. Mashine ikamwomba jina la kuipa. Alifikiri, akaandika tarehe ya leo. Ikajipanga kwenye orodha, chini ya ile ya siku ya kwanza.

Kwenye bluu ile, baada ya neno la mwisho, kijistari cheupe kiliwaka na kuzimika, kikawaka na kuzimika, nao wawili wakakaa wakikitazama, vidole vya dada bado viko juu ya herufi.