Siku ya Kuzunguka Isimbwe

Mgambo walikuja mara mbili kumhamisha Rozalia, na mara mbili wakarudi mikono mitupu. Si kwamba mama huyu alikuwa na panga. Alikaa tu mlangoni pa nyumba yake ya nyasi, miguu kaikunjua, akashika pindo la kanga kifuani na kusema, "Atakayegusa paa hili nitamtolea titi lililomnyonyesha Laurian. Nyote mna mama, mnajua maana yake."

Walijua. Upande ule wa Biharamulo unaotazamana na ziwa, mama mzazi akikutolea titi kwa hasira, umekwisha. Utakula, utatembea, lakini hakuna utakachopanda kikaota. Vijana wale walikuwa na bunduki moja kuukuu na amri kutoka juu, ila amri haijawahi kumponya mtu laana. Wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi mahali pengine.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni, watu walipoambiwa washuke kwenye vilima vyao wakakae pamoja barabarani, penye shule na zahanati. Zahanati si kitu kibaya, na Rozalia hakusema ni kibaya. Alichosema ni kwamba mumewe, Faustini, amelala kwenye kibanja chake, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na yeye hatamwacha porini ili akajengewe kibanda kwenye mstari kama mche wa mhogo.

Taabu ni kwamba balozi wa nyumba kumi wa pale alikuwa Laurian, mwanawe wa pekee. Majirani walimwuliza bila haya, "Balozi, mama yako mwenyewe hajahama, sisi tuhame kwa lipi?" Mabwana wakubwa nao walimwuliza hilohilo, kwa sauti nyingine. Laurian akakonda. Mkewe, Eustakia, alisema mumewe anasaga meno usingizini.

Basi jioni moja alikuja kwa mama yake na kilo ya sukari. Akaketi kwenye kigoda cha baba yake, akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za maharage, mpaka mama akaanza kujiuliza kulikoni.

"Mama," akasema mwishowe, "boti ya ushirika ina safari kesho. Nimekuombea nafasi. Nataka nikuzungushe Isimbwe."

Rozalia aliacha kupepeta. Isimbwe ni kisiwa kilichokaa mbele ya mlango wake. Aliletwa kuolewa kutoka Nemba, kwao kusiko na ziwa, na tangu asubuhi ya kwanza ya uarusi wake alikuwa akifagia uwanja huku akikitazama: msitu mweusi, na chini yake ukanda mweupe ambao hakujua kama ni mchanga au mawe. Faustini aliahidi kumpeleka, akaahidi tena, akafa na ahadi yake.

"Na nyumba?" akauliza.

"Nyumba ina miguu? Utaikuta hapahapa."

"Na mgambo wako?"

"Mama, mgambo hawaji bila balozi. Balozi atakuwa na wewe botini."

Hapo Rozalia akacheka. Neno lilikuwa na akili, tena lilitoka kinywani mwa mtoto aliyemzaa. Mtu akianza kumshuku na huyo, atabaki na nani duniani? Usiku ule alipika ndizi na maharage, akafunga kwenye majani ya mgomba, chakula cha watu watatu, maana hata mwendesha boti ana tumbo.

Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani. Njiani alimwona jirani yake, Deodata, akichota majivu nje. Deodata alimtazama mara moja tu, kisha akaingia ndani bila hata salamu. "Wivu huo," Rozalia akasema. "Si amwambie mwanawe na yeye." Laurian alikuwa mbele, anatembea upesi.

Mwendesha boti aliitwa Malongo, Msukuma aliyehamia kutoka Mwanza, mtu wa maneno mengi siku zote. Siku hiyo alikuwa na machache. "Kalibu mama, shikilia vizuli," akasema, akainamia injini yake.

Na lazima isemwe ukweli: safari ilikuwa nzuri. Maji yalikuwa yametulia. Walipokikaribia kisiwa, ule msitu mweusi ukageuka kuwa kijani cha kila namna, miti mikubwa imeinama mpaka majani yanaoga. Mikindu ilisimama kwenye majabali, na juu ya kila jabali walikaa minandi weusi wakikausha mabawa, kama wazee waliofua makoti. Furukombe alishuka mbele ya boti, akanyakua sato mzimamzima, Rozalia akapiga kigelegele peke yake. Kila walipozunguka rasi moja walikuta ghuba nyingine, na katika kila ghuba maji yalikuwa na rangi yake. Katika moja viboko walikuwa wamezama hadi masikioni. Katika nyingine pongo alikuja kunywa, akawatazama, akaendelea kunywa.

Na ule ukanda mweupe ulikuwa mchanga! Waliteremka. Rozalia alivua ndala, akatembea huku na huku kama msichana aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Akamhadithia mwanawe jinsi yeye, Laurian, alivyokuwa mtoto mwoga wa maji, akibebwa mgongoni mpaka mtoni. Akamcheka. Akafungua chakula. Malongo alikula kidogo. Laurian alishika ndizi mkononi, akaigeuza, akairudisha kwenye jani.

"Unaumwa, baba?"

"Ni mawimbi tu, mama."

Mawimbi gani, na maji yalikuwa yamelala? Lakini mama akisikia mwanawe anaumwa hasikii kingine. Akamfuta jasho kwa pindo la kitenge.

Waliposafiri tena, Rozalia aligeuka kutazama nyumbani, akaona kitu kimesimama juu ya kilima chao. Kilikuwa kirefu, cheusi, kimelala kidogo upande wa upepo.

"Laurian, ule si moshi?"

Laurian alitazama kwa muda. "Ni vidudu vya ziwani, mama."

Wakazi wa ziwa wanavijua vidudu hivyo. Msimu wake ukifika hutoka majini kwa maelfu na maelfu, vikapanda juu kama nguzo, hata mgeni akadhani ziwa limeshika moto. Hilo kila mtoto analijua. Kila mtoto anajua pia kwamba vidudu vile husimama juu ya maji. Havisimami juu ya mlima.

Rozalia aliutazama uso wa mwanawe. Kisha akasema, "Mwaka huu vimezidi." Alisema hivyo kwa sababu aliyesema ni Laurian, na kwa sababu siku ilikuwa nzuri kuliko zote alizopata tangu Faustini afe, naye hakutaka iharibike.

"Malongo," Laurian akaita, "tuzunguke tena. Mama hakuwaona viboko vizuri."

Wakazunguka tena.

Jua lilikuwa limeanza kushuka walipofunga boti. Rozalia alipanda kilima mbele, Laurian nyuma. Alinusa kabla hajaona. Nyasi zilizoungua zina harufu yake, na nyasi za paa lililopikiwa chini yake miaka mingi zina harufu nyingine zaidi. Palipokuwa na nyumba palikuwa na duara jeusi. Nguzo zilikuwa zimepangwa kando, zile zilizofaa. Vyombo vyake vilikuwa vimetolewa kabla ya moto na kuwekwa vizuri kwenye lori: jiwe la kusagia, vyungu, kitanda, hata kuku wake, kafungwa mguu ndani ya tenga. Aliyefanya kazi ile alikuwa ameambiwa aifanye kwa heshima. Migomba ya juu ya kaburi la Faustini ilikuwa imekanyagwa na tairi.

Mgambo walikuwa pale. Walipomwona walimpa mgongo wote kwa pamoja, maana titi usiloliona halikudhuru. Deodata na majirani wengine walikuwa tayari juu ya lori, wamekaa kwenye mizigo yao, wanatazama chini.

"Walikuwa wamepewa amri ya kukukokota," Laurian alisema nyuma yake. Alikuwa analia sasa. "Mbele za watu, mama, kwa kamba. Nikasema mama yangu hatakokotwa. Nikasema nipeni siku moja tu. Nilikuokoa na aibu."

Rozalia hakugeuka. "Siku ngapi ulijua?"

"Tangu Jumatatu."

"Ulipokuja na sukari ulijua."

"Nilijua."

"Nilipokufuta jasho ulijua."

Laurian alipiga magoti kwenye majivu. "Usinilaani, mama."

"Wangenikokota," Rozalia akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, "ningepiga kelele nikiita jina lako. Ningefika huko barabarani nimechubuka, nikaja kwako, nikakulilia. Sasa kilio hiki nikupelekee nani? Wewe ndiye niliyekuwa nacheka naye."

Watu wote pale walisubiri kitenge kifunguliwe. Wengine walifumba macho. Laurian mwenyewe alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa aipokee, na huenda aliitaka, kwani laana ya mama ina dawa: siku hasira ikipoa, mama hutia maji kinywani akamtemea mwanawe kifuani, na yakaisha. Rozalia alikaza kitenge chake vizuri. Akatembea mpaka kwenye lori. Mwanawe alikimbia, akamnyooshea mkono wa kumpandisha, naye akaupokea kama mtu anavyopokea mkono wa yeyote aliye ofisini.

"Ahsante, Ndugu Balozi," akasema.

"Mama, ni mimi."

"Nakujua. Mwambie dereva twende."

Barabarani alijengewa nyumba ya pili kutoka kwa mwanawe. Alimpelekea mboga, alilea watoto wa Eustakia, alijibu kila shikamoo. Mtu asiyejua angesema kwa Rozalia hakuna neno. Ila jina la mwanawe halikumtoka tena, wala lile neno baba.

Vita vya Kagera vilipoanza, Laurian alichukuliwa pamoja na vijana wengine kwenda mstari wa mbele. Asubuhi ya kuondoka alikuja amevaa magwanda yaliyomzidi, akapiga magoti mbele ya mama yake, akafungua vifungo viwili vya shati. Hakuwa na haja ya kueleza anachotaka. Mtungi wa maji ulikuwa hapo karibu na mlango, na kata juu yake.

Lori la jeshi lilipiga honi. Laurian hakuinuka. Likapiga tena. Rozalia alimtazama mtoto aliyembeba mgongoni mpaka mtoni, akautazama mtungi, na mkono wake ukaenda kidogo upande huo. Kisha akaugeuza, akampa mwanawe ashike.

"Safari njema, Ndugu Balozi," akasema. Ubalozi wenyewe Laurian alikuwa ameuacha tangu mwaka juzi.