Matawi kwenye Kwadi

…na swali lenyewe ni fupi, hata mtoto angelijibu, "Papa Libérat, wakati mulitoka Kiringye, bibi yako alikuwa angali anapumua ao alikuwa amekwisha kufa?", adjidan Clovis wa polisi ameuliza kwa sauti ya chini, biki iko mkononi, karatasi iko mbele yake, ananingoja kama mtu anayengoja maji yachemke, na mimi nimekaa kwenye benchi lake la mbao, kofia magotini, natazama dirishani, ile pale kwadi yetu, pikipiki ya magurudumu manne, imefungwa mnyororo kwenye nguzo, kitoroli nyuma yake, magurudumu manene yamejaa tope la kwetu ambalo limekauka likawa jeupe, na matawi bado yako mbele, siku tisa tangu polisi waichukue hospitalini, majani yamejikunja yamekuwa ya kahawia, hakuna polisi aliyeyatoa, nani atathubutu kuyagusa, hata mimi niliyeyafunga sithubutu… anataka kunisaidia, hilo naliona, si mtu mbaya huyu, mwezi uliopita ndiye aliyenisimamisha pale Kavimvira nikiwa na magunia ya mpunga, akaizunguka mashine mara mbili, akatabasamu, "Minye sina mubaya na weye, papa, lakini hii kitu haina plake ya namba, haina taa ya nyuma, haina asiransi, walitengeneza ya kutembea mu mashamba. Ukivuka barabara kutoka shamba mpaka shamba, minye sione. Ukifuata barabara, minye naona. Rudia," nikarudi, na kusema kweli sikumlaumu, sheria hiyo haikutungwa na mpumbavu, mwaka jana pale Luberizi nilisaidia kumtoa mtu chini ya kitoroli kisicho na taa, hakuwa na uso tena, najua barabara inavyofanya… lakini kwetu mashambani kwadi hii ni mfalme, watu wa mradi wa mifereji walipomaliza kazi yao walituachia, ni ya chama cha wakulima wa mpunga, inapita pale ng'ombe anapozama, inabeba mbegu, inabeba wanawake wenye uchungu mpaka kwa muuguzi, watano tangu mvua zianze, mimi ndiye dereva wao, na wote watano walirudi nyumbani na watoto wao, ninawaona kila Jumapili kanisani, wananipungia mkono, wa sita alikuwa wangu.

"Chukua wakati, papa," anasema, na hajui kwamba wakati ndio kitu nisichotaka kupewa, kwa sababu nikipewa wakati narudi asubuhi ile, Akimana, mke wangu, amejifungua alfajiri, mtoto mzima, analia kwa nguvu, tumecheka wote chumbani, kisha damu ikakataa kukatika, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka muuguzi akanyoosha mikono yake mitupu, "Uvira, papa, sasa hivi, hapa minye sina damu ya kumupatia," na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, maji yamepanda juu ya barabara kule Sange, magari yamepangana huku na huku, hakuna hata moja linalovuka, na kwenye pikipiki mtu hawezi kukaa akiwa vile, ikabaki kwadi, kwadi ingeyapita maji yale, hilo nilijua, lakini bariyeri, bariyeri tatu za polisi kati yetu na hospitali, na kila moja ingeniambia rudia… wazo lilikuwa langu, nisimtwike mwingine, kila mtu wa huku anajua kwamba gari linalobeba maiti linafungwa matawi mabichi mbele na halisimamishwi, hakuna polisi anayemwomba marehemu karatasi, kofia inavuliwa, kamba inashushwa, unapita, basi nikachukua panga nikakata matawi ya avoka nyuma ya nyumba, nikayafunga kwenye usukani, moja huku, moja huku, na dada yangu Providence alipoona akaziba mdomo kwa kiganja, "Libérat, unafungia muntu angali muzima majani ya kilio?", nikamwambia panda, mushike kichwa, na tukifika ku bariyeri ulie, na Akimana tukamlaza kwenye kitoroli juu ya godoro, nikamfunika kitenge chake kwa mkono wangu mpaka juu ya uso, na macho yake yalikuwa wazi yananitazama mpaka nilipoyafunika.

Bariyeri ya kwanza Providence alilia, alilia kweli, sijui kama alikuwa anaigiza, polisi akavua bere, "Pole sana, papa," nikasema asante, nilisema asante, nilipokea pole ya mke aliye hai… tulipopita mbali kidogo nikasikia sauti kutoka chini ya kitenge, nyembamba lakini ni yake, "Providence, kumbe weye unajua kulia hivi? Siku yangu yenyewe ikifika usilie kupita hapo, utanipatisha haya," na akacheka, Mungu wangu, alicheka, na mimi juu ya usukani nikacheka huku machozi yananipofusha, yeye ni hivyo, siku ya kwanza nilipomwona soko la Katogota, amekaa nyuma ya nyanya zake, hakunisalimia, aliniuliza tu, "Hiyo kofia yako, mulizaliwa nayo mwaka moja?", nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikarudi Jumamosi nyingine, na nyingine… kule Sange maji yalifika karibu na godoro, magari yote yamesimama, madereva wamekaa juu ya mapaa yake, walipoona matawi wakatusogezea njia, wengine wakafanya ishara ya msalaba, na kwadi ikaingia, ikanguruma, ikatoka upande wa pili, na mimi, niseme tu, nilijivuna, moyo wangu uliruka, nikajisemea nimeshinda, sheria yao na maji yao vyote nimevishinda.

"Papa Libérat, unanisikia?", ndiyo chef, namsikia, anasogeza kiti karibu, "Sikia vizuri. Kama alikuwa amekwisha kufa, ile ni kilio, muntu hafungwe juu ya kilio, nitaandika onyo moja tu, na leo hii unarudia na mashine ku mashamba. Kama alikuwa muzima, ile ni mashine bila plake ku barabara ya taifa, tena kilio cha uongo ku bariyeri tatu. Dosiye inapanda kwa wakubwa, mashine inabaki. Watu wa hospitali wanasema mengi, lakini karatasi itasema kile weye utasema," na jana Norbert, prezida wetu wa chama, alinisindikiza mpaka njiani akinishika bega, "Sema alifia kwetu. Neno moja, ndugu yangu, halimuumize tena. Tukipoteza mashine, bibi ya nani atafuata?", na ana haki, Norbert ana haki kabisa, binti yake mwenyewe ana tumbo la miezi saba… basi kwa nini ulimi hauendi, ni neno moja, na ni tamu, tangu jana nalionja mdomoni, alifia kwetu, alifia Kiringye kitandani pake, kisha ndipo nikakata matawi, kama mume yeyote, na kama alifia Kiringye basi mlinzi wa hospitali hakukosea, aliona matawi, akavua kofia, akaninyooshea mkono kwa upole, "Pole, papa, pitia kwa nyuma," na mimi niliyekwisha zoea kulitii neno pole tangu asubuhi nilizungusha usukani nikapita kwa nyuma, sikuuliza, sikufikiri, kichochoro chembamba kati ya ukuta na mtaro, mwisho wake mlango wa chuma wenye kufuli, na kijana… hapana, mzee mmoja akasema mwenye ufunguo anakuja, ndipo nikajua ni mlango gani, na kitoroli hakiwezi kugeuka pale, nikaruka chini nikapiga kelele, "Iko muzima! Bibi yangu iko muzima!", na watu waliokuwa wamekaa pale wakingoja maiti zao walinitazama kwa huruma, hakuna aliyesimama, kwa sababu kwenye mlango ule kila mtu anasema hivyo.

Walipokuja na machela alikuwa ameacha… si Kiringye, si Sange, pale, mkono wake umeshika pindo la koti langu, Providence aliufungua kidole kimoja kimoja. Basi ni nani ninayemwokoa kwa neno lile, binti ya Norbert? ningependa kusema ni yeye, lakini hapana, ni mimi, nataka afie Kiringye ili nisiwe niliyempeleka akiwa hai mpaka kwenye mlango wa wafu, nataka kulala usiku, hicho tu, nataka kulala… na kulikuwa na jambo lingine, nimelikimbia siku tisa, baada ya Kiliba, miwa pande zote mbili, mvua imekatika, aliniita, nikapunguza mwendo, akasema, "Usisimame, Libérat. Sikia tu. Mutoto ataitwa Ndihokubwayo. Baba yako atataka jina lake, umukatalie," na mimi bila kugeuka nikasema ndiyo, ndiyo mama, nikaongeza mafuta, wala sikumwuliza kwa nini jina hilo, mtu amelala chini ya kitenge cha maiti anasikia analiliwa, anamwita mtoto wake kwa kusema niko hai kwa ajili ya Mungu, na mimi nilikuwa nahesabu bariyeri… aliyefia Kiringye hasemi kitu Kiliba, nikitia sahihi hapa basi jina hilo nimelitunga mimi, na Baba atakuja na jina lake, na nitamwambia nini, na mtoto akikua akiniuliza mama alisema nini nitamwambia nini, kwamba karatasi ya serikali inasema barabara yote ile nilibeba mfu asiyecheka?

Mashine wataichukua, na mwezi ujao mwanamke wa mtu akitoka damu tutambeba mabegani kwa kipoyi, machela yetu ya miti, mimi mbele, na kama atakufa njiani nitalijua hilo nalo, halitanitoka, Norbert hatanisalimia na atakuwa na haki tena… "Papa," anasema adjidan Clovis kwa upole uleule, "niandike nini?", nje mtu anapita anaona matawi yale makavu na anavua kofia, naye hajui ni ya nani, na mimi navuta pumzi niseme kwamba alikuwa hai, chef, andika, alikuwa hai njia yote, mimi ndiye niliyemfunika.