Ngozi Haiponi

Hakuwa na duka ila baraza. Hakuwa na kibao cha jina, hakuwa na jino la mbele, wala mtu wa kurithi ufundi wake. Hayo yote Fundi Viatu aliyabeba bila kinyongo. Alichokosa mwaka huu ndicho kilichomuuma: mkono usiotetemeka.

Binti yake, mwalimu katika mji wa mbali, alizaliwa na mguu mmoja mfupi. Tangu aanze kutembea hakuwahi kuvaa kiatu ila kilichoshonwa na baba yake, chenye soli nene upande mmoja. Cha sasa kilikuwa kimechakaa, naye akifundisha ameegemea meza.

Fundi alishika msharasi, chuma chake cha kutobolea, akalenga alama ya penseli kwenye ngozi ya kiatu kipya. Chuma kikaruka, kikatoboa ukingoni kabisa.

"Tena?" mkewe akauliza kutoka mlangoni.

"Tena."

"Si utoboe pengine? Mimi sikio langu lilitobolewa vibaya, likaziba, likatobolewa upya."

"Sikio hutogwa, mama. Ngozi ndiyo hutobolewa. Na hii imekwisha kufa, haiponi. Tundu likikosewa, uzi utaichana."

"Haya, mwalimu wa walimu. Na mwiba je?"

"Huchoma."

"Na mume mbishi?"

Fundi akacheka. Mkewe akaketi, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili, wakasukuma pamoja. Msharasi ukatetemeka vilevile, sasa ukiwatetemesha wote wawili. Ukatoboa nje ya alama.

"Mtobolee mtoto ukweli, baba," mkewe akasema taratibu. "Anasubiri kiatu ambacho hakiji."

"Nimwambie baba yake amekwisha?"

"Mwambie atafute fundi mwingine. Au asimame kwa mguu gani?"

Fundi aliinuka, akaingia ndani. Alifunua godoro, akatoa kigezo cha karatasi ngumu alichokatia kiatu kile miaka yote. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kukiona. Akaandika kwa herufi zilizopinda:

"Mwanangu, mpe fundi wa huko kigezo hiki. Mwambie matundu yasikaribie ukingo. Mkono wangu umenikataa."

Mkewe akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba.

Posta, Fundi aliinua barua hadi kwenye uwazi wa sanduku. Ikagonga chuma. Ikagonga tena. Watu walikuwa nyuma yao. Mkewe akamshika kifundo cha mkono, na barua ikaingia.