Nukta ya Mzee Boazi

Darasa letu la watu wazima lilikutana jioni, baada ya kutoka kuchuma kahawa. Siku ya mtihani Mwalimu Enoka alitupa karatasi za miraba. Kwenda kulia tulihesabu vikapu vya samadi ambavyo kila mkulima alitia shambani. Kwenda juu, madebe ya kahawa aliyovuna. Wakulima kumi walioandikwa ubaoni, nukta kumi. Ambaye angekuwa wa kwanza kueleza uhusiano wa samadi na kahawa angekuwa msaidizi wa bwana shamba. Nafasi hiyo nilikuwa nimeiombea kwa kufunga kila Ijumaa.

Nilifuta mara nne. Nukta tisa zilipanda pamoja kuelekea kulia, lakini moja ilikaa juu kabisa upande wa kushoto, ikanivuruga.

"Hezron, hii ya nani?" Mwalimu aliuliza.

"Ya Mzee Boazi, mzee wetu wa kanisa."

"Ubaoni ana kikapu kimoja na madebe mawili. Mbona umempandisha mpaka kumi?"

"Mwalimu, nitamwekaje chini ya Yonasi mlevi?"

Darasa zima lilicheka. "Mchoree na kiti kabisa!" Andongwisye alisema kutoka dawati la nyuma.

Nilimwomba Mungu anisamehe, nikaishusha nukta. Hapo nikaona.

"Samadi ikiongezeka, na kahawa huongezeka," nilisema.

"Ndivyo. Lakini Andongwisye alishaandika hivyo bila kusaidiwa. Nafasi ni yake."

Nilitoka bila kuaga. Njiani nilijaribu kusali, nikajikuta nahesabu vikapu.