Ukingo wa Mawimbi

Wewe unayesoma, nitegulie hiki: kondoo alichinjwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na mpaka leo analinda makaburi yetu. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeuchukua Worcester, wala sikurudishii. Ni hati ya ardhi, iliyoandikwa kwenye ngozi.

Zamani, Waingereza wakinunua ardhi kwetu sisi Wanipmuki, wenyeji wa asili wa nchi hii, karani aliandika maneno yale yale mara mbili kwenye ngozi moja, kisha akaikata katikati kwa mawimbi. Nusu yao, nusu yetu. Ukizuka ubishi, nusu zinakutanishwa; mawimbi yakilingana, hakuna wa kusema hati ni ya uongo.

Nusu yetu inasema kilima cha makaburi hakikuuzwa. Mwaka huu mjenzi mmoja anakitaka, na wakili wake akadai ngozi yetu ni ya kughushi. Baraza la mji lingeamua Alhamisi. Tukasikia nusu ya pili iko kwa mzee Everett Thaxter, mkusanyaji wa hati za kale.

Jumanne nikaenda na binamu yangu Orrin. Thaxter alitupokea vizuri, akatupa chai na mkate wa mahindi. Ukutani hati za watu wetu zilijaa, kila moja ndani ya fremu yake.

"Mzee, ukuta wako una Wanipmuki wengi kuliko mkutano wetu wa mwaka," Orrin akamwambia. "Na hawa hawagombani!"

Thaxter akacheka, akaishusha ile nusu ya pili na kuitoa kwenye kioo. Nikaiona alama ya mzee wetu aliyetia sahihi, kobe mdogo, miguu imepinda. Nikaiweka nusu yetu upande wake wa juu, zikutane.

Yetu ilikuwa na mawimbi chini. Yake, juu, ilikuwa imenyooka kabisa.

"Nani ameukata ukingo huu?" nikauliza.

"Hati za kale, Bibi Lovina, hupita mikono mingi."

"Najua. Mimi nauliza mkono uliokata."

Akainuka kutuongezea chai, na vikombe bado vimejaa.

"Labda panya," Orrin akasema. "Panya wa mtaa huu wamesoma, wanatumia rula."

"Orrin, hebu nyamaza." Nikamgeukia Thaxter. "Mzee wangu, bila ukingo huo, Alhamisi barazani watasema ngozi tumeichora jikoni. Tingatinga litapita juu ya mama yangu. Nilimzika pale kwa mikono hii."

Thaxter alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akaichukua ile ngozi na kuirudisha taratibu kwenye fremu. Iliingia sawasawa, pande zote nne. Akabaki anaitazama hivyo, chai ikapoa.

"Niliukata mimi," akasema. "Ilikuwa haienei kwenye fremu. Ulikuwa na mawimbi kama haya yenu, Bibi Lovina, na Alhamisi nitasimama niseme hivyo mbele yao wote."