Watoto Waliomfuata Nesi Agustina

Siku ya kliniki, nesi Agustina alimsalimia mtoto kwanza, mama baadaye. Alinawa mikono kwenye beseni, akaisugua mpaka ikapata joto, akauweka wa kulia juu ya tumbo la Bhoke na kuongea kama anayeongea na jirani. "Mimi naitwa Agustina. Ndimi nitakayekupokea. Usimkubali mwingine." Kila mjamzito wa kijiji cha Gorong'a alifanyiwa hivyo, na watoto walisikia, wakatoka, wakapokelewa salama.

Miaka sita Agustina alikuwa anajitolea. Ndivyo serikali inavyomwita mtu aliyesomea kazi, anayeifanya kazi, na asiyelipwa mshahara wa kazi. Upungufu wa wauguzi ulikuwepo, nafasi ilikuwepo, hotuba kuhusu upungufu zilikuwepo tele. Kibali cha ajira tu ndicho kilichokuwa bado kiko njiani. Nchi moja ya baridi huko Ulaya nayo ilikuwa na msimamo mzuri sana wa kutowaita wauguzi kutoka nchi maskini. Haikumwita Agustina. Aliomba mwenyewe kwa simu, akajibiwa upesi, akaondoka kupitia mpaka wa Sirari huku analia. Hakuna aliyemlaumu.

Zahanati ikabaki na mlinzi na panadol. Bhoke alikuwa na mimba ya miezi minane, na mumewe Machage akatafuta mwenye bodaboda wa kumfikisha hospitali ya Tarime siku ikifika. Siku ilipofika, bodaboda haikuhitajika. Bhoke alikuwa mlangoni anachambua maharage, uchungu ukambana, ukaachia. Alipojipapasa, tumbo lilikuwa limenywea. Akamaliza maharage, akamfuata Machage zizini.

"Mtoto ameshatoka," alisema.

"Yuko wapi?"

"Sijui. Tumboni hayuko."

Simu ikaita. Alikuwa Agustina, kwa video, kutoka makao ya wazee anakofanya kazi. Alisimama kwenye chumba cha mashuka, amepakata mtoto wa kike aliyeviringishwa taulo.

"Hongera, mama. Nimefuata mashuka, nikamkuta analia kwenye rafu. Kitovu nimeshakata. Ni mzima kabisa."

"Amekuja kwako?"

"Si nilimwambia mwenyewe, dada yangu?" Agustina akaanza kulia. "Nilimwambia asimkubali mwingine."

Machage alimtazama mtoto kwa makini, akaona kipaji cha uso cha marehemu mama yake, akamwita Mokami. Mtoto alilia kwenye simu, na maziwa yakalowanisha gauni la Bhoke.

Kabla mvua hazijakatika, akafuata mtoto wa Elieth, kisha mapacha wa Verdiana. Waliopata mimba baadaye, ambao Agustina hakuwahi kuwagusa, walimpigia na kuiweka simu tumboni wenyewe, kwa sababu jirani yao mmoja alikataa kufanya hivyo, akampoteza mtoto juu ya bodaboda kabla ya kufika mjini. Mimba ikifika mwezi wa tisa walijifunga sweta dogo kiunoni ili mtoto asifike uchi kwenye baridi ile.

Bhoke aliomba viza. Alijibiwa kwa adabu kwamba hajaonyesha sababu za kutosha za kuaminika kuwa atarudi kwao. Agustina alipoomba hakuulizwa kama atarudi. Mokami naye hakuweza kuletwa, maana hapakuwa na mhuri wa kuonyesha aliingiaje, na mtu ambaye hakuingia hawezi kuruhusiwa kutoka.

Basi Bhoke akaenda wilayani, kwa mzee Nashoni, anayepanga wauguzi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Tunaomba nesi. Hata mmoja. Akiwepo wa hapa, watoto watabaki."

"Gorong'a?" Nashoni alitabasamu. "Mama, nyie mnaongoza! Kila mtoto anapokelewa na mtaalamu. Nikiwapa nyie nesi, wa kijiji cha Nyarero niwaambie nini?"

"Mtaalamu mwenyewe yuko Ulaya."

"Anawahudumia, hawahudumii?"

"Anatuhudumia," Bhoke alikiri, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Haya," alisema Nashoni, akamwagizia chai. Mwezi uliofuata kata ilipewa cheti, na wageni wakaja kwa magari mawili kujifunza namna ya kupunguza gharama za uzazi. Walimpiga picha mlinzi.

Mwaka ukapita. Jumapili moja baada ya ibada Bhoke alipiga simu, akamkuta Mokami ameketi kwenye mapaja ya Agustina, meno manne mdomoni. Mtoto aliinua uso, akamshika nesi shavu.

"Mama," alisema.

Agustina aliinamisha kichwa. Bhoke aliongea taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Huyo ni nesi, mwanangu. Mama ni mimi. Niko huku."

Mokami aliichukua simu kwa mikono miwili, akaigeuza, akachungulia nyuma yake.